Shajara ya mradi: megawati 48 za upepo kwenye gridi dhaifu

Wiki ya 1

Tumekabidhiwa shamba la upepo la megawati 48. Lina mitambo 16 ya megawati 3 kila mmoja, kebo za ardhini za kilovolti 33 zenye jumla ya kilomita 30, transfoma kuu moja ya MVA 60 (MVA ni kipimo cha nguvu yote ya umeme, halisi na riaktivu), kisha njia mbili za msongo wa kilovolti 132 zinazokwenda kwenye gridi. Kebo na transfoma zimeshafungwa na zina umeme. Mitambo bado inainuliwa, na michache ya mwanzo inazunguka kwa majaribio. Kazi yetu ni ubora wa umeme: volteji isipande na kushuka ovyo, taa za wateja zisipepese, hamoniki (mawimbi ya ziada yenye frikwensi mara kadhaa ya hezi 50 za gridi) zisivuke mipaka, na shamba lisiikimbie gridi pale gridi inapopata hitilafu.

Kwenye jalada kuna suluhisho lililoandikwa kabla hatujafika: benki ya kapasita ya megavari 10, hatua mbili za megavari 5, upande wa kilovolti 33. Megavari hupima nguvu riaktivu, ile isiyofanya kazi yenyewe bali hupandisha au kushusha volteji. Ni pendekezo la kawaida kabisa. Kapasita ni nafuu, haina mambo mengi, na kila fundi wa kituo cha kupozea umeme ameizoea. Tumekubaliana haiagizwi mpaka tujue gridi ikoje pale shamba linapoungwa.

Kwa hiyo tumeanza na kiwango cha shoti, yaani nguvu ambayo gridi ingeimwaga pale pakipigwa shoti; ikiwa ndogo, gridi ni dhaifu. Njia zote mbili zikiwa kazini, upande wa kilovolti 132 una MVA 300. Njia moja ikizimwa kwa matengenezo au ikikatika, zinabaki MVA 150. Gawanya kwa megawati 48, unapata uwiano wa 6.25 na 3.1. Wahandisi wengi huiita gridi dhaifu uwiano huo ukishuka chini ya 3, kwa hiyo hali ya pili iko mlangoni. Na hapo transfoma haijahesabiwa. Impidansi yake (upinzani wake wote kwa mkondo) ya asilimia 12 ikiingia, upande wa kilovolti 33 unabaki na MVA 187 njia zikiwa mbili, na MVA 115 njia ikiwa moja. Uwiano unakuwa 3.9 na 2.4.

Nimegawa ubao wa ofisini sehemu mbili, "njia mbili" na "njia moja". Kila hesabu ya mradi huu itafanywa mara mbili, hata ile inayoonekana haina haja.

Wiki ya 2

Volteji. Kila aliyesoma umeme ana ile kanuni fupi kichwani: badiliko la volteji ni takriban PR jumlisha QX, yote yagawanywe kwa mraba wa volteji. P ni nguvu halisi, R ukinzani, Q nguvu riaktivu, na X riaktansi, yaani upinzani wa aina ya koili. Riaktansi ya gridi hapa ni mara tatu ya ukinzani. Shamba likitoa nguvu kamili bila nguvu riaktivu, kanuni inasema volteji itapanda asilimia 5 njia zikiwa mbili na asilimia 10 njia ikiwa moja.

Ukiiona hiyo 10 unashtuka, na dawa inajitokeza yenyewe: shamba livute nguvu riaktivu sawa na theluthi ya nguvu halisi, yaani megavari 16, ili QX ifute PR. Hiyo ni pawa fakta (nguvu halisi kwa nguvu yote) ya 0.95, na mitambo inaimudu. Ukiwa na haraka unaweza kuifunga pawa fakta hapo hapo na kwenda zako.

Tulipotumia mlinganyo kamili, picha ikabadilika. Volteji inapanda asilimia 3.8 njia zikiwa mbili, na asilimia 5.4 tu njia ikiwa moja. Sasa jaribu ile dawa. Shamba likivuta megavari 16, volteji njia mbili inakuwa asilimia 98.5 ya kawaida, ambayo inavumilika. Njia moja inaporomoka hadi asilimia 93.2. Yaani ulikuwa unapambana na volteji iliyopanda, ukajikuta umeizamisha.

Kanuni fupi inaacha nje kitu ambacho gridi imara hukuvumilia ukikisahau. Nguvu halisi yenyewe, ikipita kwenye riaktansi kubwa, inakula nguvu riaktivu njiani, na ulaji huo unakua kwa mraba wa mkondo. Gridi ikidhoofika, ulaji huo ndio unaotawala hesabu. Ili volteji ibaki asilimia 100 kwa nguvu kamili, shamba linatakiwa kuvuta megavari 11.7 njia zikiwa mbili, na 7.7 tu njia ikiwa moja. Gridi iliyo dhaifu zaidi inataka dawa kidogo zaidi, kinyume kabisa na mtu anavyoweza kudhani.

Uamuzi: pawa fakta haifungwi popote. Shamba litadhibiti volteji kwa mteremko, yaani kila volteji inapoachana na kiwango kilichowekwa, nguvu riaktivu inabadilika kwa kadiri ya tofauti hiyo, mpaka mwisho wa uwezo wa mitambo.

Wiki ya 3

Kupepesa kwa taa. Nalimaliza upesi kwa sababu hapa hakuna ugomvi. Mitambo ya zamani yenye kasi isiyobadilika, jenereta ikiwa imeungwa moja kwa moja na gridi, ilikuwa inapitisha kila mtikisiko wa upepo mpaka kwenye waya: panga likipita mbele ya mnara nguvu inapungua kidogo, mara tatu kwa kila mzunguko wa rota. Mitambo yetu ina inveta kamili (kifaa cha elektroniki kinachopitisha umeme wote) kati ya jenereta na gridi, na rota yenyewe inabadili kasi na kuumeza mtikisiko huo.

Kiwango cha IEC 61400-21 kinatoa njia ya kukadiria. Chukua kigawo cha kupepesa cha mtambo, zidisha kwa ukubwa wake, gawanya kwa kiwango cha shoti, kisha kwa mitambo inayofanana zidisha kwa kipeuo cha pili cha idadi yake, maana mitambo haitikisiki kwa pamoja. Kwa kigawo cha 4, mitambo 16 na MVA 300, Pst, kipimo cha kupepesa kwa muda mfupi, inakuwa 0.16. Njia moja inakuwa 0.32. Jicho la mtu husumbuka zaidi mwanga ukibadilika karibu mara 8.8 kwa sekunde, na Pst ya 1 ndiyo kizingiti cha kero. Tuko mbali nacho. Limefungwa.

Wiki ya 4 na ya 5

Vipimo kituoni. Kwenye kazi hizi hapa ndipo muda mwingi unapoliwa, na hapa ndipo data mbovu huzaliwa.

Upande wa kilovolti 132, volteji inasomwa kupitia transfoma za volteji za kapasita. Kwa hezi 50 hazina neno. Kwa hamoniki hupotosha, kwa sababu ndani yake kuna kapasita na koili zilizolinganishwa kwa ajili ya hezi 50 tu. Ukitoka hapo, usomaji unaweza kuongezeka au kupungua bila mita kukuonya chochote. Kipimo cha hamoniki tumekihamishia upande wa kilovolti 33, kwenye transfoma za volteji za sumaku, ambazo kwa hamoniki za chini zinaaminika. Msimamizi wa kituo hakufurahi, maana mkataba unataja kilovolti 132. Tumemwandikia barua yenye sababu. Tukipewa kigawanyaji volteji cha ukinzani na kapasita tutarudi kupima 132, vinginevyo tunabaki hapa.

Kisha kuna vibano vya mkondo. Kila kibano kina mshale mdogo ubavuni unaoonyesha mkondo unatarajiwa kwenda wapi, na kwenye paneli yenye nafasi ya kiganja kimoja mshale huo hauonekani mpaka uinamishe kichwa. Mwenzangu wa rilei (vifaa vya ulinzi vinavyokata njia yenye hitilafu) ana desturi ambayo nimeiiga: kabla ya kurekodi chochote anafungua mchoro wa vekta kwenye skrini ya mita, anazisoma fezi kwa sauti moja moja, kisha anamuuliza opereta wa kituo, "Mzee, sasa hivi umeme unatoka au unaingia?" Jibu la mzee lisipolingana na skrini, paneli inafunguliwa tena. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, jumla ya nguvu bado inaweza kuonekana ya maana huku kila kitu kingine kikiwa takataka.

Mita ni ya daraja A kwa IEC 61000-4-30: madirisha ya mizunguko 10, yanajumlishwa hadi dakika 10, saa inafuata GPS. Wiki nzima ina vipindi 1008 vya dakika 10. Viwango kama EN 50160 vinataka asilimia 95 ya vipindi hivyo viwe ndani ya mipaka. Fanya hesabu uone asilimia 5 inayoachwa ni nini: vipindi 50, zaidi ya saa nane kwa wiki. Shamba linaweza kuvuka mpaka saa moja kila siku likafaulu mtihani. Ndiyo maana ripoti yetu itakuwa na grafu ya wiki yote pamoja na ile nambari moja ya asilimia 95.

Jambo lililotupa kazi ya kufikiri: usiku usio na upepo, mitambo yote imesimama, hamoniki ya saba ilikuwa bado ipo, na ilipanda mwenye gridi alipobadilisha mpangilio wa njia zake. Hakuna inveta hata moja iliyokuwa inafanya kazi. Hamoniki hiyo inatoka kwenye gridi yenyewe, na kebo zetu zinaikuza. Mwenye gridi akiipima peke yake atasema shamba linamchafulia umeme, na kwa namna fulani hatakuwa ameongopa: kebo ni zetu.

Wiki ya 6

Kebo ya kilovolti 33 ya aina hii ina kapasitansi ya karibu mikrofaradi 0.25 kwa kilomita. Kwa hezi 50 hiyo ni kilovari 85 hivi kwa kilomita, na kwa kilomita 30 ni megavari 2.6. Kapasita hiyo hukuinunua, imekuja na kebo, na haizimiki mpaka uzime kebo.

Kapasita na riaktansi ya gridi zikikaa sambamba zina frikwensi yao ya rezonansi, ile ambayo zinaikuza. Kuikadiria ni rahisi: kiwango cha shoti gawanya kwa megavari za kapasita, kisha kipeuo cha pili. Kwa kebo peke yake, njia mbili, inatoka hamoniki ya 8.5. Njia moja, inashuka hadi 6.7. Kumbe gridi inapotoka hali moja kwenda nyingine, rezonansi inaipita ile ya saba na kusimama jirani yake. Usiku wetu usio na upepo umepata maelezo.

Sasa ongeza benki iliyopendekezwa. Hatua ya kwanza, megavari 5 juu ya 2.6 za kebo, njia mbili: 4.97. Hiyo ni hamoniki ya tano, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko zote kwenye gridi, maana kila kirekebishaji cha daraja la diodi sita, kinachogeuza AC kuwa DC, kinaitoa. Hata ungetumwa kuipiga shabaha usingeipata vizuri hivyo. Hatua zote mbili zikiwashwa rezonansi inakwenda 3.9, lakini kufika huko lazima upite hatua ya kwanza kila siku, na upepo ukiwa wa wastani unakaa pale pale.

Kuna na la volteji. Megavari 5 zikiwashwa kwa mkupuo, volteji ya kilovolti 132 inaruka asilimia 1.7 njia mbili na asilimia 3.3 njia moja. Upande wa 33 inaruka zaidi. Kupepesa tulikokufunga wiki ya 3 kungerudi kupitia mlango wa nyuma.

Mtu akasema tuweke koili ya asilimia 7 mfululizo na kapasita, kama wafanyavyo viwandani. Ni hoja nzuri. Koili hiyo inaipeleka benki kwenye hezi 189, chini ya hamoniki ya tano, na kuanzia hapo kwenda juu benki inaonekana kama koili, haikuzi chochote. Lakini haiigusi rezonansi ya kebo, wala haiondoi kuruka kwa volteji. Imeandikwa kama chaguo la akiba.

Wiki ya 7

Modeli kamili ya frikwensi imekamilika na imeongeza jambo ambalo kanuni ya wiki iliyopita haikuwa nalo: kila mtambo una chujio lake la koili na kapasita kwenye mlango wa inveta. Kilovari 100 kwa mtambo si kitu ukiutazama peke yake. Mitambo 16 ni megavari 1.6, na pamoja na kebo zinakuwa 4.2. Rezonansi njia mbili inashuka kutoka 8.5 hadi 6.7. Njia moja inashuka hadi 5.2.

Machujio hayo yapo mtandaoni pale tu mtambo unapokuwa umeungwa. Upepo ukilala, mitambo inajitoa mmoja mmoja na rezonansi inapanda. Upepo ukirudi, inashuka. Njia ikizimwa, inashuka tena. Kwa hiyo rezonansi ya shamba hili haina makazi. Inatembea kati ya 5.2 na 8.5, na barabara yake inapita kwenye hamoniki ya saba na kuishia jirani na ya tano.

Hili limebadili mwelekeo wetu. Chujio lililopigwa shabaha kwenye frikwensi moja litafaa asubuhi na kuwa mzigo jioni. Kinachotakiwa ni kitu cha kutuliza, ukinzani kwenye eneo lote hilo la frikwensi. Ama chujio la aina C, ambalo kwa hezi 50 halipotezi umeme mwingi kwenye ukinzani wake, ama inveta yenye uwezo wa kujifanya ukinzani kwa hamoniki.

Kuhusu hamoniki za mitambo yenyewe, IEC 61000-3-6 inatoa vigawo vya kujumlisha. Chini ya hamoniki ya tano mitambo 16 huhesabiwa kana kwamba yote inasukuma pamoja, mara 16. Kati ya tano na kumi ni karibu mara 7. Juu ya kumi ni mara 4. Kwa inveta zinazokata na kuunga kwa kasi ya kilohezi kadhaa, zile za juu hazitutishi.

Wiki ya 9

Wiki ya 8 ilikwenda kwenye vikao.

Je, mitambo yenyewe ina nguvu riaktivu ya kutosha? Kanuni za gridi zinataka shamba liweze kutoa megavari 16 pale linapoungwa, likiwa kwenye nguvu kamili. Transfoma kuu inakula megavari 5.1 kwenye mzigo huo, transfoma ndogo za mitambo zinakula 2.6, na kebo inarudisha 2.6. Mitambo kwa hiyo inatakiwa kutoa 21.1. Kila inveta ni ya MVA 3.3, ikitoa megawati 3 inabakiwa na megavari 1.37, zote pamoja 22. Inatosha, kwa upenyo mwembamba.

Lakini kikomo cha inveta ni mkondo. Nguvu riaktivu inatakiwa zaidi volteji inaposhuka, na volteji ikiwa asilimia 95, MVA 3.3 zinakuwa 3.1 na mabaki ya megavari yanakuwa 0.9 kwa mtambo. Jumla 14.6, huku transfoma zikila zaidi kwa sababu mkondo umeongezeka. Upungufu ni megavari 7 na nusu hivi.

Hapo ndipo kifaa cha ziada kinapohitajika, na kwa kiasi hicho. Tumependekeza STATCOM (kifaa cha elektroniki kinachotoa au kuvuta nguvu riaktivu) ya megavari 8 upande wa kilovolti 33 badala ya kapasita za megavari 10. Sababu ya kwanza: volteji ikishuka hadi nusu, kapasita hutoa robo ya nguvu yake kwa kuwa inafuata mraba wa volteji, STATCOM inashikilia mkondo wake, kwa hiyo inabaki na nusu. Ya pili: haina hatua, hairushi umeme wa wateja kila inapobadilika. Ya tatu: usiku mitambo ikiwa imelala, inaweza kuzivuta zile megavari 2.6 za kebo ambazo vinginevyo zingemwagika kwenye gridi na kupandisha volteji. Ya nne ndiyo niliyoipa uzito zaidi, kwamba inaweza kupangwa itulize hamoniki za chini. Ni ghali kuliko kapasita kwa kila megavari, na hilo tumelisema wazi kwenye barua. Mhasibu wa mradi ameuliza kwa nini tusinunue ndogo zaidi. Tumemtumia hesabu ya hiyo asilimia 95.

Wiki ya 10

Kidhibiti cha shamba zima. Ni kompyuta iliyopo kituoni: inapima volteji pale tunapoungwa, inaamua nguvu riaktivu, kisha inagawa amri kwa mitambo na STATCOM kupitia nyuzi za mawasiliano. Kati ya kupima na mtambo kutii kuna ucheleweshaji.

Mtengenezaji alitupa mipangilio aliyoijaribu kwenye gridi imara. Tuliiweka kwenye modeli. Njia mbili: volteji inasukumwa, inarudi, inatulia. Tukazima njia moja: inavuka lengo, inarudi kupita kiasi, inavuka tena, na mawimbi hayaishi. Sababu ni ile nambari ya wiki ya 6. Megavari 5 zinazosogeza volteji asilimia 1.7 njia zikiwa mbili zinaisogeza 3.3 njia ikiwa moja, kwa hiyo kidhibiti kile kile, bila mtu kugusa kitufe, kimekuwa kikali maradufu. Ukali huo ukichanganyika na ucheleweshaji, unayumba.

Kuna waliosema hiyo ni hali ya nadra. Kikaoni nimewawekea tukio la Hornsea One, baharini mashariki mwa Uingereza, Agosti 9, 2019. Radi ilipiga njia ya umeme mbali na hapo na kuleta mtikisiko mdogo wa volteji, wa aina ambayo shamba lolote linapaswa kuupita. Udhibiti wa volteji wa shamba ukaingia kwenye mawimbi yasiyotulia, na nguvu ikaanguka kutoka megawati 799 hadi 62. Kituo cha gesi cha Little Barford nacho kilikuwa kimepata hitilafu yake. Frikwensi ikashuka hadi hezi 48.8 na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa umeme. Mtandao wa ndani wa shamba ulikuwa kwenye hali dhaifu kuliko kawaida wakati huo, na tiba ilikuwa kubadili programu ya udhibiti.

Tumepunguza ukali mpaka njia moja itulie kwa nafasi ya kutosha. Njia mbili sasa inajibu polepole kidogo kuliko mtengenezaji anavyopenda. Wazo la kidhibiti kinachojua hali ya swichi na kubadili mipangilio kimyakimya lilijadiliwa, nikalipinga: ishara ya swichi ikikosea, kidhibiti kinakuwa kikali wakati mbaya kuliko wote. Kwa kazi ya haraka kuna STATCOM, iko pale pale inapopima, haingojei nyuzi.

Wiki ya 12

Mporomoko wa volteji. Gridi ikipata shoti karibu, volteji inaanguka kwa sehemu ya sekunde mpaka rilei zikate njia yenye hitilafu. Zamani mitambo iliruhusiwa kujizima. Leo lazima ibaki imeungwa na kusaidia. Kanuni za Ujerumani ziliweka mfano unaofuatwa sana: kwa kila asilimia 1 ya volteji iliyopotea, mkondo wa riaktivu wa asilimia 2, ili volteji ikianguka nusu mkondo wote uwe wa riaktivu.

Inveta haiwezi kutoa mkondo mwingi kuliko ilivyoundwa. Volteji ikibaki asilimia 20, hata mkondo kamili haupitishi zaidi ya robo ya nguvu inayokuja kutoka kwenye rota. Iliyobaki inachomwa kwenye vikinzani ndani ya mnara mpaka volteji irudi. Kwa hitilafu moja hakuna shida. Vikinzani hivyo vina kiasi cha joto vinachoweza kubeba, na mporomoko wa pili na wa tatu ukija kabla havijapoa, programu ya mtambo inahesabu na kujitoa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoiangusha Australia Kusini, Septemba 28, 2016. Dhoruba iliangusha minara ya njia kuu, volteji ikaporomoka mara sita ndani ya dakika mbili, na mitambo mingi ilikuwa na kikomo cha idadi ya miporomoko ambacho waendesha gridi hawakuwa wamekijua. Megawati 456 zikatoweka kwa sekunde chini ya saba, njia ya kuunganisha na jimbo la Victoria ikazidiwa na kukatika, na jimbo zima likawa gizani. Tumeandika swali moja kwa mtengenezaji wetu, kwa herufi kubwa: kikomo ni mara ngapi, ndani ya muda gani, na kiko kwenye ukurasa upi wa programu? Jibu la kwanza lilikuwa brosha. Tumelirudisha.

Kwenye modeli, njia moja, kuna tatizo jingine dogo: hitilafu ikiisha, mitambo inachelewa kidogo kuacha kusukuma mkondo wa riaktivu, na volteji inaruka juu ya kiwango. Tumepunguza uwiano kutoka 2 na tumeifanya nguvu halisi irudi taratibu. Mwenye gridi amekubali, baada ya kuona grafu mbili zikiwa pembeni kwa pembeni.

Wiki ya 13

Hali ilivyo. Benki ya kapasita imeondolewa kwenye michoro. STATCOM ya megavari 8 imeidhinishwa, nafasi ya chujio la aina C imeachwa kwenye uwanja wa kituo pamoja na msingi wa zege na selo moja ya swichi isiyo na kitu. Wengine wameiona selo hiyo kama anasa. Kuijenga baadaye, kituo kikiwa na umeme, ndiyo itakuwa anasa.

Ambalo halijafungwa ni hamoniki ya tano na ya saba, njia ikiwa moja na mitambo yote ikizunguka. Modeli inasema STATCOM ikipangwa kutuliza eneo hilo volteji itabaki ndani ya mipaka, lakini modeli imejengwa kwa impidansi ya gridi tuliyopewa kwenye karatasi, na impidansi ya kweli kwa hezi 250 na 350 hutegemea mizigo ya wateja ambayo hakuna karatasi inayoijua. Mwenye gridi ana matengenezo ya njia ya pili kwenye ratiba. Tumeomba yasisogezwe, mita ibaki pale ilipo na vibano visiguswe, na mitambo yote 16 iwe tayari siku hiyo hata kama itabidi mafundi wa minara wabadili zamu. Mtengenezaji bado anadaiwa jibu la kikomo cha miporomoko.